Mpaka ulitangulia, utaifa ukafuata

Swali la wiki liliuliza iwapo mataifa yetu ya leo yalizaliwa na mipaka ya wakoloni. Mimi ni Mdigo wa Lunga Lunga, Kwale, upande wa Kenya, na nusu ya ukoo wetu iko Mkinga, mkoani Tanga, Tanzania. Kwa nilivyoona, mpaka peke yake ulikaa miaka mingi bila kuzaa Mkenya wala Mtanzania.

Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 juu ya mstari utokao mlango wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, ukipita kaskazini ya Kilimanjaro. Hata hivyo nyanya yangu, aliyeolewa huku kutoka ng'ambo, kila alipokwenda kuwaona ndugu zake alisema anakwenda kwao. Sikumsikia hata siku moja akisema anakwenda Tanganyika.

Kilichotutenga ni serikali zetu wenyewe baada ya uhuru. Wenzetu wa Tanganyika waliwaondoa machifu mwaka 1963, wakawa na balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa kila kundi la nyumba kama kumi. Kwetu chifu alibaki akiwa mtumishi wa serikali, na kijana akitaka kitambulisho huanzia kwake. Binamu zangu walisoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, ilhali sisi tulianza kufundishwa kwa Kiingereza darasa la nne. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983, na watu wakazikana kwa kupita njia za panya.

Katika matanga ya nyanya huyo, binamu yake baba kutoka Mkinga alifungua hotuba kwa "Ndugu wananchi", naye chifu wetu akaanza na "Wakenya wenzangu", ingawa nusu ya waliokaa jamvini hawakuwa Wakenya. Sahani zilipoletwa, sote tulirudi kwenye Kidigo.

Tusiwasahau Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walikaa miongo bila uraia, hadi walipoandamana kwenda Nairobi Oktoba 2016, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Jirani yetu mmoja miongoni mwao, ambaye Kidigo chake kinakishinda changu, zamani alikuwa akijificha polisi wakipita. Kitambulisho chake amekifunga kwenye nailoni ndani ya sanduku, na ukimuuliza yeye ni nani, hujibu kuwa ni Mkenya kabla hajataja Umakonde wake.