Matairi ya pikapu inayovuta tela: maswali yenu na majibu

Mvua zinakaribia Lubumbashi, na karibu barua zote za safari hii zinauliza juu ya matairi ya pikapu zinazovuta tela. Nafurahi, maana hapa ndipo watu wengi wanapojaribu kuokoa dola chache na kuhatarisha motokari nzima pamoja na waliomo.

"Niko Kampemba. Nina Hilux ya rimu za 17, na kila juma navuta tela yenye mashine ya kuchomelea hadi Likasi. Kuna muuzaji mwenye matairi ya okazi, yaani yaliyokwisha tumika, kutoka Ulaya, ya jina kubwa. Mwingine ana mapya ya Kichina, ya jina ambalo sijawahi kulisikia. Bei karibu sawa. Nichukue yapi?"

Papa, weka jina pembeni kwanza, usome namba. Ubavuni mwa tairi lako utakuta 265/65R17, kisha kitu kama 112S. Hiyo 112 ndiyo ya mtu anayevuta: inasema tairi moja linabeba kilo 1,120. Ikiwa 110 ni kilo 1,060, ikiwa 121 ni kilo 1,450. Herufi S ni ya mwendo, kilomita 180 kwa saa, na ukiwa na tela hutaufikia wala usijaribu.

Sasa kuna wauzaji watakaokupa 225/65R17 kwa bei ya chini, kwa maneno kwamba "rimu ni ileile". Kweli linaingia. Lakini hilo ni tairi la motokari za familia, na mengi yana namba 102, yaani kilo 850. Matairi mawili ya nyuma yenye 112 yanabeba kilo 2,240, yenye 102 yanabeba 1,700. Umepoteza kilo 540, karibu mifuko kumi na moja ya simenti, na hakuna anayeona kitu kwa macho.

Usifikiri pia kwamba uzito wa tela unabebwa na tela peke yake. Tela ya kilo 1,500 iliyopangwa vizuri inaegemeza kama kilo 150 kwenye ndoano. Ndoano iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo inafanya kazi kama wenzo: mbele ya pikapu inanyanyuka kidogo, na matairi ya nyuma yanapokea zaidi ya hizo 150. Ongeza juu yake vifaa, pipa la mazutu (dizeli) na vijana watatu waliokaa nyuma.

Ukikuta C baada ya ukubwa, mfano 225/70R17C, hilo limetengenezwa kwa motokari za mizigo. Litakuwa na namba mbili, kama 108/106: ya kwanza ndiyo yako, ya pili ni ya matairi yanayofungwa pacha. Hakikisha tu kwamba hiyo namba ya kwanza haiko chini ya ile inayodaiwa na pikapu yako.

Kuhusu swali lenyewe: namba zikiwa sawa na bei ikiwa sawa, nachukua jipya la jina dogo. Sheria za Ulaya zinadai meno yasipungue milimita 1.6, na wengi kule wanayavua matairi kabla ya kufika hapo. Unachonunua ni mabaki ya maisha ya tairi, na hujui kama mwenyewe wa kwanza aliliendesha bila upepo wa kutosha hadi nyuzi za ndani zikachoka. Jina kubwa haliziponyi nyuzi hizo.

"Mimi ni mama wa Ruashi, nafanya biashara ya samaki wa Kasenga. Ndugu yangu ndiye ananinunulia matairi. Nitajuaje kama hajaletewa yaliyozeeka?"

Mama, tafuta neno DOT ubavuni, ufuate maandishi yake hadi mwisho. Namba nne za mwisho ndizo umri: 3519 ni juma la 35 la mwaka 2019. Mara nyingi namba hizo zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo zisipoonekana nje, mwambie aangalie upande wa ndani kabla tairi halijafungwa.

Mimi lililopita miaka sita silinunui, hata lingekuwa halijawahi kugusa barabara. Likifika kumi, litoke, meno yakiwa marefu namna gani. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kununua tairi la nyuma lenye meno mazuri kabisa, sikutazama namba, na kwenye njia ya Likasi ngozi yake yote ya juu ikabanduka nikiwa na tela. Tela ilianza kuyumba huku na huku, na lori la madini lilikuwa linakuja mbele. Tulisimama salama. Nilipolisoma, lilikuwa na miaka kumi na moja.

"Matairi yaliyochongwa upya yana ubaya gani? Yanaonekana vizuri na ni nafuu."

Usiyanunue. Anayechonga kwa kisu cha moto anakata ule mpira mwembamba unaofunika nyuzi. Yako matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa kuchongwa, nayo yameandikwa REGROOVABLE ubavuni. La pikapu yako si mojawapo.

"Mimi ni dereva, nakaa Katuba. Fundi wa pembeni mwa barabara anagonga tairi kwa nyundo na kusema linatosha. Nikivuta tela niweke upepo wa kilo ngapi? Na mchana tairi likiwa la moto nipunguze?"

Mdogo wangu, usipunguze kamwe likiwa la moto. Upepo unapanda kwa joto, ni kawaida. Ukiupunguza saa nane mchana, kesho asubuhi utaondoka ukiwa chini ya kipimo, na tairi lililo chini ya kipimo ndilo linalopata moto zaidi.

Fikiri hivi. Tairi la 265/65R17 linazunguka kama mara 410 kwa kilomita moja. Kila mzunguko ubavu unakunjwa na kukunjuka. Kutoka hapa hadi Likasi, kilomita kama 120, ni karibu mara 49,000. Upepo ukiwa pungufu na tela ikiwa nzito, kila kunjo linakuwa kubwa, na joto lake linabaki ndani ya mpira. Mwezi wa kumi, lami yenyewe ikiwa inachoma, tairi halina pa kupoa.

Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Mara nyingi kuna namba ya motokari tupu na ya motokari yenye mzigo. Ukivuta, fuata ya mzigo, na usipite kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Hiyo tunayoita kilo ni bari, na kipimo kikiwa cha paundi, kilo moja ni karibu paundi 14 na nusu. Mwombe bosi akununulie kipimo chako mwenyewe. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na tairi moja, na nyundo haijui tofauti ya kilo 2 na kilo 3.

"Kwa njia za udongo wakati wa mvua, si afadhali yale ya meno makubwa ya matope?"

Kama unaishi ndani ya matope, ndiyo. Kama sehemu kubwa ya safari zako ni lami na udongo mgumu, hapana: meno yale yanayumba ukivuta tela, yanapata joto kwenye lami, yanaisha upesi na yanakula mafuta. Tafuta yaliyoandikwa A/T, yaani ya njia za kila aina. Ya matope ni M/T.

"Nina pesa ya matairi mawili tu. Niyafunge wapi?"

Nyuma. Mbele ikiteleza unaweza kupunguza mwendo na usukani ukakurudia. Nyuma ikiteleza, tela inakusukuma. Kama pikapu ni ya kuendesha magurudumu manne, yote manne yawe ya ukubwa mmoja, na usiweke nne kwa nne kwenye lami kavu.

Lakini usiyapeleke yale mawili ya zamani kwenye tela. Najua ndivyo tunavyofanya wengi. Tela inabeba mzigo muda wote, na tairi lake likianza kuharibika dereva hasikii kitu kwenye usukani. Na siku ya kununua tela, hesabu matundu ya nati: zikiwa rimu za aina moja na za pikapu, spea moja itatosha kwa zote mbili.