Mnaoanza longamu, chezeni kwanza, kwilti ya kitanda itasubiri

Wengi wanaoingia kwenye longamu, mashine ya kushonea kwilti, yaani tandiko la vitambaa viwili lenye pamba katikati, wanakuja na kwilti moja kubwa ya kitanda waliyoiunga vipande miezi kibao, siku ya kwanza tu wanaipandisha kwenye fremu, mkono unakakamaa kwa woga, mistari inatoka imekatikakatika na roho inauma. Nakuomba sana, hiyo kwilti ikunje uiweke kabatini kwanza, anza na kitambaa ambacho kikiharibika hakuna anayelia.

Kwa anayesikia leo, longamu ni cherehani kubwa yenye shingo ndefu inayotembea kwenye reli, kitambaa kimetandikwa kwenye fremu ya futi 10 au 12, juu kitambaa, katikati pamba, chini kitambaa kingine, halafu we unashika hendeli na kuitembeza mashine yenyewe. Cherehani ya kawaida unasukuma kitambaa, hapa kitambaa kimetulia. Ndo maana hata fundi wa siku nyingi akishika hizi hendeli mara ya kwanza anajiona mgeni kabisa, na si kwamba hajui kushona, ni kwamba hii kazi ni ya kuchora zaidi kuliko kushona.

Kwa hiyo chora. Chukua daftari na kalamu, jaza ukurasa mzima kwa umbo moja bila kuinua kalamu, vitanzi, mawimbi, majani, chochote, mpaka ujue ukifika kona unatokaje bila kujifungia ndani. Kutoka kwenye kona ndo kunakosumbua watu kwenye mashine, na daftari ni bei rahisi kuliko pamba. Huku Marekani maduka mengi ya kwilti yanakukodishia mashine kwa saa ukishapita darasa lao, sasa kama hujachora nyumbani utalipia saa nzima ya kufikiria.

Ukifika kwenye fremu, kabla ya urembo wowote shughulika na tensheni, yaani mkazo wa uzi. Acha kitambaa cha chini na pamba vizidi kile cha juu kama inchi 4 kila upande, hapo pembeni weka kipande cha kujaribia, shona mistari na miduara kisha ingiza mkono chini upapase au piga picha na simu. Ukiona chini uzi umelala umenyooka kama waya na unavutika kirahisi, uzi wa juu umelegea, kaza kidogo. Ukiona nukta za uzi wa bobini, ule wa chini, zinachungulia juu, umekaza mno. Na usiangalie mstari ulionyooka peke yake, matatizo mengi yanajitokeza kwenye miduara. Mashine zenye regyuleta, kifaa kinacholinganisha urefu wa stichi, weka stichi 10 mpaka 12 kwa inchi, inatosha.

Kuhusu rangi ya uzi, wengi wanamshauri anayeanza atumie uzi unaofanana na kitambaa ili makosa yajifiche. Kwa zawadi sawa, ila kwa mazoezi mi nasema hapana, tumia uzi mweusi kwenye amerikani nyeupe uone kila kitu, utajifunza haraka zaidi.

Sasa tuje kwenye kanga, hapa ndo napapenda kuliko pote. Kanga moja ni kwilti tayari, ina pindo, ina mji, ina jina, huhitaji kuunga vipande, na ukubwa wake unatosha kumfunika mtoto au kujifunika magoti kwenye kochi. Ifue kwanza itoke wanga na uone kama inachuja rangi, hasa nyekundu, iache ikauke, ipige pasi. Chini weka amerikani isiyo na maua, maana maua yatakuficha tensheni mbaya. Halafu fuata mchoro uliopo. Kama ni korosho, zungusha mstari mmoja ukingoni mwake, rudi tena robo inchi nje, na tena, mpaka mistari ya korosho hii ikutane na ya jirani yake. Hapo bila kujua umejifunza kushika nafasi sawa kwa jicho, na jicho liangalie unakoenda, sindano iache ifanye kazi yake. Kwenye jina, acha herufi zivimbe na ujaze vimduara vidogo vidogo katikati yake, ni kazi ya taratibu sana ila hakuna zoezi zuri zaidi la kutuliza mkono.

Mchezo mwingine, andika maumbo kwenye vikaratasi, tia kikombeni. Tandika amerikani ndefu, igawe masanduku kwa chaki, kila sanduku chomoa karatasi na ushone kilichotoka, hata kama hukipendi. Ukimaliza yakate uyafanye vipochi, mifuko, vitambaa vya kuwekea sahani, watu watavigombania. Ukiwa na mtoto mpe yeye chaki achore, we fuata mstari wake, mistari ya watoto haitabiriki na inakunyoosha kweli.

Kama unadhani kucheza ni kupoteza muda, tafuta picha za kwilti za akina mama wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama huku Marekani. Walishona kwa mkono, wengine kwa nguo kuukuu za kazi, wakijipangia mistari wenyewe bila kufuata rula, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston.

Mazoezi yako yaandikie tarehe pembeni kwa kalamu ya kitambaa, usitupe. Na siku mtu akikuletea kwilti yake umshonee, toa hivyo vipande mezani achague umbo hapo hapo, uzi gani na mistari ikaribiane kiasi gani, mkubaliane kabla hujapandisha kitu kwenye fremu.