Memori kadi kubwa kwa ajili ya gemu: jua kwanza mashine yako inasoma nini

Mtu akiniuliza anunue memori kadi gani swali langu la kwanza huwa ni moja tu, una mashine gani? Maana kadi za microSD ukiziangalia kwa macho zote ni zile zile, kidude cha milimita 15 kwa 11, zinaingia kwenye tundu lile lile, ila ndani hazifanani kabisa na hapo ndo wengi wanapigwa. Nimekaa na Switch ya zamani (mashine ya gemu ya kushika mkononi ya Nintendo) miaka, nikahamia Steam Deck (ya Valve, inacheza gemu za kompyuta kutoka duka la Steam), sasa hivi Switch 2 nayo ninayo, na kote huko msimamo wangu haujabadilika: spidi ambayo mashine yako haiwezi kuisoma usiilipie, hiyo hela iongezee kwenye ukubwa, na uhakikishe kadi ni orijino. Hilo la orijino nitalirudia sana, mnivumilie.

Spidi kwanza. Switch ile iliyotoka 2017, na Lite, na OLED, na Steam Deck pia, tundu zake ni za UHS-I (aina ya njia inayopitisha data kati ya kadi na mashine), na UHS-I mwisho wake ni 104 MB kwa sekunde, haivuki hapo hata ufanyeje. Sasa unakuta paketi imeandikwa kwa maherufi makubwa 190 MB/s au 200 MB/s, na wala si uongo, ila hizo namba unazipata ukitumia kadi rida maalum kwenye kompyuta, ukiichomeka kwenye Switch inashuka chini ya 104 kama wenzake. Nintendo wenyewe kwa Switch ya kwanza wanashauri kadi ya UHS-I inayosoma 60 mpaka 95 MB/s, basi. Zile za UHS-II zenye safu mbili za pini za dhahabu kwa nyuma zinakubali kufanya kazi humo lakini kwa mwendo ule ule wa UHS-I, kwa hiyo umelipia safu ya pili ambayo haiguswi na kitu.

Alama ninazoziangalia mimi ni U3 au V30, maana yake kadi haitashuka chini ya 30 MB kwa sekunde inapoandika data mfululizo. Kwa Switch si lazima sana ila kwa Deck naitaka, kwa sababu Steam ikishusha apdeti ya gemu kubwa haiweki tu faili jipya juu, inachambua mafaili ya zamani na kuyaandika upya, na kwenye kadi dhaifu apdeti ndogo tu inaweza kukaa pale inazunguka mpaka ukate tamaa, wakati intaneti yako wala haina shida. Kuna A1 na A2 pia, A2 kwenye karatasi ni bora zaidi (inaahidi kusoma mara 4000 kwa sekunde vipande vidogo vidogo, A1 inaahidi 1500) ila ili upate hiyo faida mashine nayo lazima iwe imetengenezewa A2, na nyingi hazijatengenezewa. Ukiikuta A2 kwa bei ile ile chukua, usiongeze hela kwa ajili yake tu.

Switch 2 ni habari nyingine kabisa, hapa naomba msome taratibu. Hii imetoka Juni 2025 na kwa gemu inakubali microSD Express TU. Kadi yako ya zamani itaingia kwenye tundu vizuri kabisa bila kukwama, afu mashine itakwambia hiyo ni ya kuhamisha picha na video ulizopiga kwenye Switch ya zamani, gemu haiweki. Haijalishi ni kadi nzuri kiasi gani au ina TB ngapi. Express inapita njia ile ile ya PCIe inayotumiwa na SSD (hifadhi za ndani zenye kasi) za kompyuta, ndo maana inaweza kufika karibu 985 MB/s, na bei yake ni kubwa zaidi kwa kila GB, sasa ukiwa na haraka ni rahisi kushika isiyo yenyewe kwa sababu paketi zinafanana rangi na jina la kampuni ni lile lile. Tafuta neno Express limeandikwa kwenye kadi yenyewe, sio kwenye tangazo la muuzaji, kwenye kadi. Na kama leo una Switch ya zamani ila unajua utahamia 2 karibuni, Express inafanya kazi kwenye ile ya zamani pia, kwa mwendo wa UHS-I, kwa hiyo unaweza kununua mara moja ukahama nayo.

Ukubwa sasa. Watu wanahesabu idadi ya gemu, mimi nasema hesabu aina ya gemu. Stardew Valley ni gemu dogo mno, Tears of the Kingdom inachukua kama GB 16, afu Baldur's Gate 3 kwenye Steam inataka GB 150 peke yake. Mtu wa gemu ndogo ndogo kwenye Switch ya zamani, 256GB inamtosha muda mrefu sana. Mtu wa Deck anayependa gemu kubwa, 512GB itajaa kabla hajaizoea, huyo namshauri aende TB 1 moja kwa moja. Na kumbuka 512GB haitaonekana 512 ukiichomeka, itasoma kama 476, na TB 1 inasoma kama 931, hapo hujaibiwa, kiwanda kinahesabu GB kwa bilioni kamili na kompyuta inahesabu kwa 1024. Usishtuke ukarudisha kadi nzima.

Halafu msijidanganye kwamba ukinunua gemu za kaseti huhitaji nafasi. Kwenye Switch 2 kuna kaseti zinazobeba ufunguo tu, gemu lenyewe unalidaunlodi lote, kwa hiyo kaseti iko mkononi na GB zinakwenda pale pale.

Kuna wanaopenda kadi mbili ndogo badala ya moja kubwa, wanasema moja ikifa nyingine inabaki. Mimi sikubaliani nao. Vitu hivi vidogo mno kuvibeba mfukoni, na Switch haikuruhusu kuunganisha moja kwa moja gemu za kadi mbili tofauti ukaziweka kwenye moja baadaye, mara nyingi utadaunlodi upya. Na sevu zako kwenye Switch hazikai kwenye kadi, zinakaa ndani ya mashine, kadi ikifa unapoteza muda wa kudaunlodi tu, maendeleo yako yapo.

Haya, feki. Hili ndo linaniuma kuliko yote kwa sababu anayeumia ni yule aliyejibana akachanga. Binamu yangu aliletewa kadi ya TB 1, paketi safi, nembo ya kampuni kubwa, bei chini ya nusu ya kawaida. Akaweka gemu nne tano, zinacheza fresh, akafurahi. Alipoendelea kujaza gemu la kwanza likagoma kufunguka, mara data imeharibika, analifuta analidaunlodi tena, linaharibika jingine. Alikuwa ameshaanza kuamini Deck yake ndo mbovu.

Kinachofanyika ni kwamba ile chipu ya ndani ni ndogo, tuseme GB 32 au 64, ila kile kinachoiongoza kimepangwa kidanganye kwamba ni TB 1. Kompyuta ukiiuliza inasoma 931 bila wasiwasi kwa sababu inarudia tu ilichoambiwa na kadi. Kufomati pia hakukuonyeshi kitu. Unaendelea kuandika, nafasi halisi ikiisha kadi inaanza kuandika juu ya vitu vya mwanzo au inatupa tu data na kusema imepokea. Ndo maana siku za kwanza kila kitu kinakuwa sawa!

Dawa yake ni kuijaza yote kabla hujaweka gemu hata moja. Kwenye Windows kuna kiprogramu cha bure kinaitwa H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Kinaandika mafaili ya GB 1 moja moja mpaka kadi ijae, afu kinayasoma yote kuangalia kama kilichoandikwa ndo kilichomo. Inachukua muda kwelikweli, 512GB ikiandika kwa 60 MB/s ni zaidi ya masaa mawili kuandika tu, bado kusoma, kwa hiyo iwashe usiku ulale. Ya binamu tuliichomeka, kwenye kuandika ikaenda vizuri, ilipofika kusoma mistari myekundu ikaanza, data nzima iliyobaki imepotea, salama ilikuwa GB 29 tu. Fanya hivi siku ile ile kadi inapofika, muda wa kuirudisha ukiwa bado haujapita, na risiti itunze. Na kama bei iko chini mno kuliko wauzaji wengine wote, tafadhali achana nayo.

Wenye vimashine vidogo vya gemu za zamani, vile vinavyokuja na kadi imejaa gemu tayari, kadi hiyo mara nyingi haina hata jina la kampuni na huwa hazidumu. Kopi kila kitu kilichomo kwenye kompyuta mapema, weka kwenye kadi inayoeleweka. Huko 64 au 128GB inatosha kabisa.

Kuhamisha kutoka kadi ndogo kwenda kubwa kwenye Switch ni rahisi: zima mashine kabisa, sio kuilaza, shikilia batani ya pawa mpaka menyu itokee uchague kuzima. Toa kadi, kopi folda ya Nintendo kwenye kompyuta, kadi mpya ifomati kwenye Switch yenyewe, zima tena, rudisha folda. Ikigoma kusoma usihangaike nayo, daunlodi upya, sevu zipo. Kwenye Deck sio lazima kompyuta, gemu unalihamishia kwenye SSD ya ndani kupitia mipangilio ya hifadhi, unabadilisha kadi, unalirudisha, ila jua kadi iliyofomatiwa na Deck inakuwa ya ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux) na Windows haiisomi, itakuomba uifomati. Ikikuomba, kataa, labda kama hukuwa na kitu humo.