Usinunue madesa ya Bara kama utasimama mahkama za Zanzibar

Hayo madesa, yaani notisi za masomo zinazouzwa na wanafunzi, usiyanunue. Kama umeshatoa arubuni, omba urejeshewe, na akikataa basi sameheana naye uondoke. Ni hasara ndogo.

Umeeleza kwamba una miaka 44, unasomesha skuli Wete, Pemba, umepata nafasi ya shahada ya sheria Unguja. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja: kama umri bado unaruhusu, ada utaimudu vipi, uhamie Unguja au uwe unakwenda na kurudi kwa boti, na kama inafaa kununua furushi la madesa kwa kijana aliyemaliza Dar es Salaam ili uanze kusoma mapema. Halafu mwisho kabisa, kwa mstari mmoja tu, ukataja kwamba ami yako ameshakukabidhi karatasi za mgogoro wa shamba "uzitizame". Waliotangulia wamekujibu habari ya ada na boti, Mungu awalipe. Mstari ule wa mwisho hapana hata mmoja aliyeugusa, na huo ndio utakaokuumiza.

Kijana wa miaka 20 akienda kusoma sheria, hapana mtu anayempelekea kesi. Wewe una mvi, ni mwalimu, watu wanakuamini hata kabla hujafungua mdomo. Siku ukitamka tu kuwa unasoma sheria, jamaa watakuja na mabahasha. Hawatakuuliza uko mwaka wa ngapi. Nayasema haya kwa sababu na mimi nilianza nikiwa nimeshavuka 40, na mtu wa kwanza kuja kwangu na bahasha alikuwa shangazi yangu.

Shangazi baba yake alipanda mikarafuu kwenye eka tatu ya jirani, kusini Pemba. Ni zile eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Walikubaliana kwa mdomo, ardhi ya huyu, mikarafuu ya yule, na kwa miaka mingi kila msimu kila mmoja alijua lake. Wazee walipofariki, watoto wa mwenye eka wakamkataza shangazi kuchuma. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wao, alishawakalisha pamoja, na mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri, watu wanakaribia kuelewana. Ndipo shangazi akasema ngoja nimuulize mwanangu, anasoma sheria.

Mimi somo la ardhi nilikuwa nimelisoma kwenye madesa kutoka Dar. Yameandikwa vizuri, nadhifu, kila kitu kimepangwa. Yanakufundisha Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za 1999, na yanakwambia ardhi ni pamoja na vyote vinavyoota juu yake. Nikakaa usiku nikaandika hati ya madai. Nikasema miti ni sehemu ya ardhi, miti ni ya shangazi, familia imeitumia miaka yote hii, basi na ardhi ni yake kwa mila. Nikataja vifungu. Shangazi akasaini akaenda kufungua kesi mahkama ya wilaya.

Wakili wa upande wa pili hakuhitaji hata kumuuliza shangazi suala moja. Alileta pingamizi la awali lenye hoja mbili. Ya kwanza, sheria zote zilizotajwa kwenye hati ile ni za Tanzania Bara, Zanzibar hazitumiki. Ya pili, mgogoro wa ardhi Zanzibar unapelekwa Mahkama ya Ardhi, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994, kwa hiyo mahkama ile haina mamlaka ya kuusikiliza. Kesi ikaondoshwa, na shangazi akaamriwa kulipa gharama. Hakimu akamuuliza nani aliyekuandikia hii. Shangazi akanyamaza. Hakunitaja.

Na gharama zile ndizo zilizokuwa nafuu. Wale watoto wa mwenye eka kabla ya hapo walikuwa wanabishania mavuno. Walipopewa karatasi yangu wakaona shangazi anadai eka yao yote. Wakamwambia sheha hapana tena mazungumzo. Msimu ule karafuu zikachumwa, zikaanikwa, zikapelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na shangazi hakupata hata kilo.

Sasa sikiliza kinachonichoma mpaka leo. Sheria yetu ilikuwa upande wake! Chukua Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya Zanzibar, Namba 12 ya 1992, soma tafsiri ya neno ardhi. Inasema ardhi ni pamoja na vitu vinavyoota juu yake, isipokuwa miti inapokuwa imetambuliwa na kumilikiwa peke yake. Yaani jambo ambalo kila mzee wa Pemba analijua, kwamba shamba linaweza kuwa la huyu na mikarafuu ya mwengine, limo ndani ya sheria. Nilitakiwa nidai miti. Nikadai ardhi, kwa sababu kwenye madesa suala la miti kuwa na mwenyewe wake halimo kabisa.

Aliyeniuzia madesa yale nilimuuliza kwa kinywa changu: haya yanafaa na kwa Zanzibar? Akanijibu, "Sheria ni sheria kaka, nchi ni moja hii." Kijana yule alikuwa na shahada ya sheria. Hapana mtu anayemaliza shahada hiyo Tanzania bila ya kupita kwenye Katiba ya 1977, na ibara ya 64(4) inasema wazi kwamba sheria iliyotungwa na Bunge haitumiki Zanzibar mpaka yenyewe itamke kuwa inatumika pande zote mbili, au iwe inabadilisha au kufuta sheria inayotumika Zanzibar, na iwe inahusu mambo ya Muungano. Ardhi si jambo la Muungano. Ndoa si jambo la Muungano. Alijua, na alichotaka ni pesa. Mtu mzima anayesoma usiku baada ya kazi, ana watoto, hana muda wa maktaba, ndiye mteja wao mkubwa, na wanamuuzia kitu kitakachomwangusha mbele ya watu wake. Huo ni ubaya, siuiti jina jengine.

Kwa hiyo shika hili, na mengine yote niliyoandika ukiyasahau si kitu: kabla hujasoma sheria yoyote, fungua vifungu vyake vya mwanzo, tafuta kile kinachosema inatumika wapi. Kikisema Tanzania Bara, hiyo utaisoma kwa mtihani na kwa kulinganisha, lakini usimshauri nayo mtu wa Wete. Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo madesa yanaijaza kurasa na kurasa, Zanzibar haitumiki. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu huku ziko kwa Kadhi. Kazi na ajira, huku ni Sheria Namba 11 ya 2005. Jinai, ni Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, na mwenendo wake ni Namba 7 ya mwaka huo huo. Ushahidi, ni Namba 9 ya 2016. Na utakutana na Dikrii, yaani sheria za tangu enzi za Sultani, kama ile ya mwenendo wa kesi za madai, Sura ya 8 ya Sheria za Zanzibar. Madesa ya Dar hayataji Dikrii hata moja.

Hukumu za Mahkama ya Rufani zisome bila ya wasiwasi, kwa sababu inasikiliza rufaa za pande zote mbili, ukitoa tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi. Lakini hata humo angalia kesi imetoka wapi na imeamuliwa kwa sheria ya wapi.

Sheria zenyewe hazina haja ya kununuliwa. Ziko bure ZanzibarLII, tovuti ya sheria na hukumu za Zanzibar, na kwenye tovuti ya Baraza la Wawakilishi. Chapisha, funga, andika pembeni kwa kalamu yako. Utakwenda polepole kuliko wenye madesa, na muhula wa kwanza watakupita. Waache wakupite.

Karatasi za ami yako mrejeshee wiki hii, uso kwa uso, usimtumie mtoto. Mwambie hujawa wakili, na kwamba ukikosea atakayelipa ni yeye. Kama hana pesa ya wakili, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Pemba, wamezoea migogoro ya mashamba. Mpeleke wewe mwenyewe, ukae naye usikilize anavyoulizwa. Na kama sheha ameshaanza kuwasuluhisha, mwambie asiikatize suluhu ile kwa karatasi ya mtu yeyote.

Umri usikusumbue. Darasani kwetu wakubwa tulikuwa wengi, na somo la mirathi tulilielewa kuliko vijana maana tumeshazika.

Ukifika Unguja nitumie ujumbe wa faragha. Ninazo hizo sheria nilizozichapisha, zina maandishi yangu pembeni, nitakupa ukafanye fotokopi. Silipishi.