Kwa nini utumbo wa kichanga umetolewa nje

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini mwanao njiti, baada ya kupasuliwa hapo hospitali ya KCMC, Moshi, utumbo umeachwa nje badala ya kuunganishwa palepale. Sehemu iliyooza imekatwa, ila iliyobaki bado imevimba na ina maambukizi. Wangeshona, mshono ungeweza kuachia, kinyesi kikamwagikia tumboni. Wanaupumzisha kwanza, wiki kadhaa hata miezi, ndipo waurudishe. Kila ukibadilisha mfuko unaopokea kinyesi pale utumbo ulipotokea nje, uangalie utumbo vizuri: utumbo ukiwa mwekundu na unyevunyevu kama ndani ya mdomo, uko hai. Ukigeuka mweusi, au tumbo likijaa na akatapika kijani, mrudishe hospitali hata usiku, usingoje kliniki. Na maziwa yako endelea kukamua, hata kama ni matone.