Mgonjwa mpya hana deni la kukuamini

Barua zimejaa tena. Nyingi zimetoka kwa ma-APS wapya wa hapa Goma, yaani wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, chache kwa wagonjwa na watu wao. Niseme wazi kwamba hizo chache ndizo zenye akili zaidi.

Nimeanza kazi ya APS kwenye kituo cha afya upande wa Ndosho. Mgonjwa wangu wa kwanza anakaa kimya, anatazama mlango tu. Nifanye nini aniamini?

Anatazama mlango kwa sababu haufungiki. Vile vyumba vya mbao navijua: ukiongea ndani, mama anayepima mtoto upande wa pili anaitikia. Anza hapo, kabla ya kutafuta maneno matamu. Weka redio ndogo kwenye korido. Kiti cha mgonjwa kisiupe mlango mgongo. Na ile rejista ifunge! Inalala wazi mezani, majina ya watu wa jana yanasomeka yote, na safu ya mwisho mmeandika VBG, yaani ukatili wa kijinsia, kwa wino mwekundu. Mgonjwa anaisoma kichwa chini miguu juu, huku wewe unamwambia "hapa ni siri".

Baada ya hapo, jitambulishe jina na kazi. Mweleze mtakaa muda gani, utaandika nini, nani atasoma, na kwamba swali lolote anaweza kulikataa. Mwambie pia siri inaishia wapi: ukiona anataka kujiua, au kuna mtoto hatarini, utamhusisha mtu mwingine, na yeye atakuwa wa kwanza kujua. Wengi mnairuka sehemu hii mkisema itamtisha. Atatishika zaidi siku atakayoigundua mwenyewe. Hiyo siri, tena, si hisani yako: kifungu cha 73 cha kanuni ya adhabu ya Kongo kinamwadhibu mtu wa afya anayeitoa nje. Mweleze hilo pia, maana watu hawalijui.

Halafu muulize amekuja kutafuta nini. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba ushirikiano wa mgonjwa na mtabibu wake una sehemu tatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi ya kufanya, na ukaribu wa watu hao wawili. Mbili kati ya tatu ni mapatano, lakini barua zenu zote zinauliza habari za ukaribu. Kama mama anataka apate usingizi tu, anzeni na usingizi. Ukisema Alhamisi saa nne, uwe pale saa nne. Barabara ikifungwa, piga simu. Mtu aliyekimbia Masisi na mtoto mgongoni ameshaahidiwa mengi.

Ni maneno gani yanamfanya mgonjwa aeleze yote haraka?

Swali hili limerudi! Safari hii mwenye kuuliza ameongeza "kabla ya ripoti ya mwisho wa mwezi". Hayapo, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Shirika la Afya Duniani halishauri kile kikao kimoja cha kumsimulisha mtu tukio lake mara tu baada ya mshtuko. Daktari wa akili Judith Herman aliandika tangu 1992: usalama kwanza, masimulizi baadaye. Mkitaka mfano wa nyumbani, upo. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini hapa Kivu, Kaskazini na Kusini, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Ma-APS ndio walioendesha tiba ya vikundi, kikao kimoja cha mtu peke yake na 11 vya kundi, na hakuna aliyedaiwa kusimulia tukio lake. Walifanyia kazi mawazo yanayobaki: "ni kosa langu", "sifai tena". Nafuu yao ilizidi ya wale waliopewa msaada wa kawaida wa mmoja mmoja.

Haraka ina mahali pake. Aliyebakwa afike kituoni ndani ya masaa 72, apate dawa za kuzuia VVU. Hapo uliza yale yanayohitajika kwa dawa, basi. Na wanaokuja na kamera kuomba "ushuhuda" wa mgonjwa uliyeanza naye juzi, waambie hapana. Mfadhili atakasirika, atapona.

Mume wangu anaonana na mwanasaikolojia. Naweza kwenda kumuuliza wanazungumza nini? (Mama, Himbi)

Kwenda unaweza, mama. Akikujibu, mtafutie mumeo mwanasaikolojia mwingine.

Mgonjwa wangu ni mzee kutoka Beni, anasema Kinande tu. Binti yake anatafsiri vizuri. Kuna shida?

Kubwa. Kuna mambo papa hatayatamka mbele ya binti yake hata umlaze hapo wiki nzima, na kuna mengine binti atayapunguza ili kumlindia baba heshima. Tafuta mtu mzima asiye ndugu wala jirani, aahidi siri mbele ya mzee, na mzee mwenyewe amkubali. Usijifanye hujui kwamba hapa kwetu, baada ya vita vyote hivi, jina na lafudhi ya mkalimani vinamfanya mgonjwa ajiulize huyu ni wa upande gani. Mpe nafasi ya kumkataa bila kueleza sababu. Ukiongea, mtazame mzee, siyo mkalimani. Binti mpe kiti nje na umshukuru, naye amechoka.

Nimeenda kwa mshauri mara mbili. Anaandika tu, haniangalii, na mara ya pili aliniita jina la mtu mwingine. Niache? (Dada, Birere)

Dada yangu, hilo jina linauma. Kabla ya kuacha, mwambie hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi. Uhusiano wa tiba hukwaruzika hata kwa mabingwa. Wanasaikolojia Safran na Muran walichunguza mikwaruzo hiyo miaka mingi, wakaona kwamba ikisemwa na kurekebishwa, tiba inaweza hata kupiga hatua. Akiweka kalamu chini na kusema pole, rudi. Akikwambia wewe ndiwe mgumu, au huo ni ugonjwa unasema, ondoka.

Hukuuliza, ila nakuonya: akikualika mkanywe kitu, akitaka kukusalimia usiku kwa simu, akidai pesa isiyo na risiti, usimpe nafasi ya pili. Na kama unapewa dawa, kwenye kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu au kwingine, kumwacha mshauri si kuacha dawa.

Anayeenda kwa mwanasaikolojia amekosa imani?

Hapana. Nimejibu hili hadi nimechoka. Mnaomfungia mtu kwenye chumba cha maombi na kumnyima dawa zake za kifafa, hiyo imani mnaipima kwa mwili wa nani?

Nikimkuta mgonjwa wangu soko la Virunga, nimsalimie?

Mngoje yeye aanze. Akipita kama hakujui, nawe pita. Mpatane hilo siku ya kwanza.

Mgonjwa ameniletea kuku. Nikatae?

Kumrudishia mama kuku wake ni kumtukana. Mpokee, mshukuru mbele ya wenzako, kuku aende jiko la kituo. Akileta wa pili, muulize kwa upole kama anadhani asipoleta hutamwona. Pesa usiguse, hata franga mia.