Police Academy ya kwanza si ya watoto

Je, Police Academy, ile filamu ya vichekesho vya makuruta wa polisi, ina alama ya PG (watoto wanaruhusiwa, ila mzazi anashauriwa kuwa makini)? Hapana, PG ni ya zile za baadaye. Police Academy ya kwanza, ya 1984, Marekani iliipa R: aliye chini ya miaka 17 haingii sinema bila mzazi au mlezi. Ya pili ikashuka hadi PG-13 (onyo kali zaidi kwa wazazi wa walio chini ya miaka 13), na kuanzia ya tatu mpaka ya saba zote ni PG. Ndiyo maana wengi wanadhani mfululizo mzima ni wa familia.

Kuanguka na kugongana kwa makuruta siyo kulikoipandisha. Ni uchi wa wazi, mzaha wa ngono (hasa ule wa kwenye jukwaa la hotuba) na matusi. Tena ilitoka Machi 1984, na PG-13 ilianza Julai mwaka huohuo, kwa hiyo hapakuwa na ngazi ya katikati: ni PG au R. Hata hivyo, kwa yaliyomo naona R ingebaki palepale. Uingereza nayo iliipa 15, yaani walio chini ya umri huo hawaruhusiwi.

Usitegemee kukuta sababu zimeandikwa kando ya alama hiyo. Marekani ilianza kuzitaja mwaka 1990. Na alama haisemi lolote kuhusu vichekesho vya kudhalilisha mashoga na watu weusi, ambavyo mimi vinanikera kuliko huo uchi. Kama unataka kucheka na watoto wadogo, anza na ya tatu, lakini itazame wewe kwanza, maana PG ya miaka ile iliruhusu mengi.